Mama, Nyamitwe Haina Mtu

Mama,

Salamu ya kukupa sina. Nikikuuliza hali utanicheka, kama ulivyokuwaga unawacheka wanaozungumza na makaburi. Lakini Masatu yuko kwangu Manyamanyama, amelala chumba cha uani, na hapa nilipokaa namsikia akikohoa. Hospitali wameniambia nikae naye nyumbani, nimpe anachokitaka. Unajua maana ya maneno hayo. Basi nimeona uyasikie kwangu kwanza, kabla mwanao hajakufikia akakueleza ya kwake. Tukikujia wawili kwa pamoja, najua utamsikiliza nani.

Nianze na kisiwa, maana najua ndicho utakachouliza.

Nyamitwe haina mtu, Mama. Yuko mlinzi mmoja na mbwa wake, basi. Mimi nilipokuwa msichana kisiwa kilikuwa kidogo lakini kilijaa. Mtu akiita mbuzi upande unaotazama Makoko, wa upande wa pili alisikia. Tulikuwa na mihogo yetu, nyavu zetu, na yale mawe makubwa yaliyokaa kama vichwa vya watu wanaochungulia ziwani. Chini ya jiwe kubwa kuliko yote ilikuwako michoro myekundu ya watu wa kale, na mbele yake makaburi ya wazee, na pembeni shimo la udongo wenu nyie wafinyanzi. Hakuna aliyekanyaga pale na viatu. Hata katekista alipokuja kutoka ng'ambo kutufundisha, alivua ndala zake, akasema ardhi ya moto inamkumbusha jehanamu, ni vizuri kwa roho yake. Tulijua anaogopa kama sisi.

Unakumbuka ile miaka ya shida? Sabuni hakuna, sukari hakuna, Musoma mjini watu wanapanga foleni dukani kwa tetesi tu. Tulikula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, mpaka tukaisahau rangi ya ugali. Sufuria ikitoboka, imetoboka, nyingine utaitoa wapi? Ndipo wakubwa wakakumbuka vyungu. Wake zao, waliokuwa wakikunja pua ukikaa nao kwenye mtumbwi kwa sababu ya udongo kwenye nguo zako, walivuka maji kuja kukubembeleza. Wewe umekaa kwenye ngozi yako ya mbuzi, mikono imelowa, unawajibu bila kuinua kichwa: "Kaeni. Chungu hakina haraka." Wakakaa chini, kwenye vumbi, na vitenge vyao. Nchi nzima ililia miaka ile. Wewe ulinawiri.

Na mimi sitasema ulikuwa mtamu. Sato akiiva, kichwa na tumbo vya Masatu, mkia wangu. Yeye alienda sekondari, mimi nilibeba udongo. Siku ninaolewa Bunda shangazi alikuuliza mbona hulii, ukamjibu nikisikia, "Nyamisi ni wa watu. Masatu ndiye wangu." Wanawake wakacheka. Nikacheka na mimi, ningefanya nini, na shela kichwani?

Halafu nchi ikafunguliwa. Ndoo za plastiki zikaja, sufuria za kung'aa zikaja, mitumba ikaja. Sitaitukana mitumba, ndiyo inayonilisha hapa sokoni Bunda. Lakini hakuna aliyevuka tena maji kutafuta chungu. Ziwani furu, wale samaki wetu wadogo, wakaisha, sangara wakajaa, na sangara akawa wa kiwanda. Minofu inapanda ndege, sisi tunauziwa mapanki, ule mgongo wa mifupa na kichwa chake, tunakaanga tunanyonya. Vijana wa Nyamitwe wakaanza kuondoka. Masatu akarudi na kizungu chake, hana kazi.

Ndipo alipokuja yule bwana mwekezaji.

Sikuwepo siku ya mkutano. Ulinisimulia mwenyewe, tena ukimsifia viatu. Alisimama na mwenyekiti wa kijiji, akasema Nyamitwe ni urithi. Alisema wageni kutoka nchi za mbali watalipa ili waone michoro, waone makaburi, waone maisha ya mababu. Watu walipiga makofi. Kisha akasema ili urithi uhifadhiwe, watu wahamie ng'ambo. Makofi hayakuendelea, lakini mihuri ilishapigwa huko mjini. Walikihifadhi kisiwa kwa ajili ya kila mtu isipokuwa warithi.

Nyumba zilibomolewa, yako ikaachwa. Wewe uliniambia imeachwa kwa heshima. Masatu ndiye aliyenieleza ukweli, akijivuna: yeye kapewa kazi ya kutembeza wageni, kwa sharti kwamba mama yake abaki afinyange mbele yao. Wageni hawawezi kutazama mawe tu, alisema. Wanataka na mtu.

Nilikuja kukuona mwaka ule, ukumbuke, na kilo mbili za sukari na gauni nililokuchagulia mwenyewe kwenye bunda langu la mitumba, la bluu, lenye mifuko. Nikakuta wamekuvua khanga. Umevaa ngozi, Mama. Wewe mwanakwaya, mtu uliyenifundisha aibu kabla hujanifundisha kupika, umevaa ngozi ya mbuzi begani na shanga za plastiki kutoka dukani Musoma. Redio yako wameichukua. Sufuria yako moja umeificha uvunguni, maana msimamizi aliyewekwa na yule bwana hakutaka wageni waione. Boti ikatia nanga, wageni wakashuka na kofia zao, Masatu akasimama kando yako akaanza kueleza. Kizungu changu ni cha darasa la saba, lakini niliambulia kwamba bibi huyu hajawahi kuvuka maji, hajui Kiswahili, hajawahi kuona kalamu. Wewe, uliyepata cheti cha elimu ya watu wazima ukakitundika juu ya kitanda. Ulikuwa unafinyanga, umeinamisha uso, na mdomo wako unatabasamu kama walivyokufundisha.

Walipoondoka nilikwambia, "Mama, twende Bunda."

Ukasema, "Nikiondoka mimi watamwondoa na yeye."

"Basi aondoke. Ana mikono."

"Mikono ya Masatu si ya kazi hiyo unayoifikiria."

Nikakwambia mjomba yuko Mwitongo, kaka yako wa tumbo moja, ana shamba, ana nyumba yenye nafasi, ukapumzike kwenu. Ukanitazama kama mtu aliyetukanwa. Ukasema mume wako amelala nyuma ya nyumba ile na watoto wako wawili waliotangulia wamelala pembeni yake, na hujaona mwanamke mwenye akili anayeiacha nyumba yenye watu wengi namna ile. Gauni ulilipokea. Ulilikunja ukaliweka chini ya mto. Sikukuona umelivaa hata siku moja.

Sasa nifike pale ambapo wewe hukupaona.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilitoka Bunda mapema, nikapata mtumbwi wa wavuvi pale Makoko. Boti ya wageni ilikuwa imetutangulia. Nilipopanda kutoka ufukweni niliwaona wamekuzunguka nusu duara, wanapiga picha, na Masatu anaongea taratibu kuliko siku zote, kama anayeongea kanisani. Umeegemea ukuta. Udongo uko mapajani, mkono mmoja juu yake. Ngozi imekaa vizuri begani. Kwa mbali nilifikiri umesinzia na nikafurahi, nikasema leo mama kawagomea.

Masatu aliponiona aliweka kidole mdomoni.

Nikaenda mpaka kwako. Nikakushika mkono. Udongo ulikuwa umekaukia kwenye vidole vyako, umepasuka pasuka, na mkono wenyewe ulikuwa baridi na mgumu. Nilimgeukia. Akaniambia kwa kikwetu, bila kubadilisha sauti, akiwatazama wao na kutabasamu, "Subiri kidogo, Nyamisi. Wanaondoka sasa hivi."

Alijua, Mama. Alikukuta hivyo alfajiri kitandani. Akakimbia kwa msimamizi, na msimamizi akasema wageni wametoka mbali na wameshalipa, na boti imeshatoka Makoko. Basi mwanao alikubeba. Alikuvika ngozi, akakukalisha kwenye nafasi yako, akakuwekea udongo mapajani, akaulowesha. Aliwaambia bibi amechoka kwa uzee, amelala kidogo, tusimwamshe.

Nilipiga yowe. Sijui lilitoka wapi, nilianguka chini nikalia kama tunavyolilia watu wetu, nikaita jina lako na jina la Baba. Unajua wageni walifanya nini? Wakanipiga picha. Mmoja, mama wa makamo mwenye uso mzuri tu, alipiga makofi. Wengine wakamfuata. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Na Masatu hakuwaambia. Alisema neno fupi, wakaitikia kwa vichwa, wakashuka kwenda kunywa soda.

Mchana msimamizi akaja kutupa pole. Mtu mpole, hakunipa hata nafasi ya kumchukia vizuri. Akasema kuzika pale haitawezekana. Makaburi ya zamani hayana shida, wageni wanayapenda. Kaburi jipya litawatisha. Nilimwambia mume wake yuko hapo nyuma. Akasema anaelewa, anaelewa sana. Nikamtazama Masatu aseme neno, mtoto wa kiume, mwenye kisiwa. Alikuwa anahesabu makreti ya chupa tupu yanayorudi mjini. Tulikuvusha na boti ile ile, wewe na makreti, chupa zinagongana njia nzima.

Tulikuzika ng'ambo, uwanja wa kanisa, kwenye udongo mwekundu usiofaa hata kufinyangia kikombe. Niliwasukuma wanawake nikakuvika lile gauni la bluu. Lilikutosha. Mjomba alikuja kutoka Mwitongo na fimbo yake, akasimama mpaka mwisho, hakutupa udongo. Alipoombwa aseme kitu alisema, "Dada yangu hajazikwa. Amewekwa." Akageuka akaondoka. Hajaongea na Masatu tena mpaka leo, na nilipomtumia habari kwamba anaumwa, alijibu kwamba mtoto huyo hamfahamu.

Bado, Mama. Bado kuna lingine, na hili nilikuwa nasita kukuandikia.

Mwaka uliofuata nilikwenda Musoma kununua mzigo. Nikaingia dukani kwa Mzee Salum, yule anayeuza vitambaa na saa karibu na soko, nikakuta ameweka mlangoni kile kitu cha kuzunguka chenye kadi za picha. Pundamilia, simba, machweo, na wewe. Wewe umeegemea ukuta, udongo mapajani, macho yamefumba. Nyuma ya kadi wameandika maneno ya Kizungu, nikamwomba kijana mmoja wa chuo anisomee. Akasema, "Imeandikwa, mfinyanzi wa mwisho wa Nyamitwe, akipumzika."

Mzee Salum aliona nimeshika meza. Akauliza, "Unamjua huyo bibi?"

Nikasema, "Ni mama yangu. Hapo amekufa."

Alitoa kadi zako zote, moja moja, akazifunga kwenye karatasi ya khaki, akanipa kwa mikono miwili. Alisema, "Mwanangu, sisi hatukujua. Innalillahi." Kisha akabeba kile kitu chote na simba wake akakiingiza ndani. Huyo peke yake, katika watu wote, ndiye aliyeniomba radhi, na hakuwa na kosa.

Nilizichoma jikoni. Nilikuwa nimeshazitia zote motoni, imebaki moja mkononi, mume wangu akanishika. Akasema, "Watoto hawana picha nyingine ya bibi yao." Nikatafuta kichwani. Ni kweli. Maisha yako yote hakuna aliyewahi kukupiga picha ukiwa hai na nguo zako na ikabaki kwetu. Wageni waliondoka nazo. Kwetu imebaki ile ya maiti. Nimeiweka kwenye fremu, Mama, iko sebuleni. Watoto wananiambia bibi alikuwa mzuri akilala.

Halafu Mungu, au ziwa, sijui nani, akaleta magugu maji. Yalikuja kama kitu cha mchezo, maua ya zambarau, watoto wanayachuma. Kabla hatujakaa sawa ghuba yote ni kijani, boti hazipiti, mitumbwi inakwama, mbu na nyoka ndio wanaotembea juu ya maji. Wageni hawakuja. Yule bwana wa viatu akaondoka kama alivyokuja. Mishahara ilikatika, wafanyakazi wakang'oa mabati na vitasa wakaondoka navyo. Magugu yalipopungua nilimlipa mvuvi anivushe. Walijenga baa chini ya jiwe kubwa, ulijua? Kaunta ya saruji imesimama juu ya miguu ya wazee. Michoro imekwaruzwa majina ya watu, na mioyo. Shimo lenu la udongo wamelijaza chupa. Nyumba yako imeanguka upande. Kaburi la Baba nililiona kwa yale mawe tu, nikang'oa majani kidogo, mlinzi akaniambia niondoke, kisiwa bado kina mwenyewe kwenye karatasi. Nilimuuliza mwenyewe yuko wapi. Akasema hajamwona tangu aajiriwe.

Masatu aliranda. Mirerani, Mwanza, sijui wapi. Miezi ya karibuni akaja kusimama mlangoni kwangu, shati linaning'inia, macho makubwa. Majirani walimwangalia wakaelewa, wakaanza kuficha vikombe vyao. Mume wangu akaniachia niseme. Nilisema apite. Usinishukuru. Nimempa kiti kinachoelekea fremu ile, na ndipo anapokula. Mwanzo alikuwa anakula amefumba macho. Sasa amezoea, au hana nguvu ya kuogopa.

Namuogesha mwenyewe. Mwili wake umekuwa mwepesi kama wa mtoto. Juzi nikiwa namkausha mgongo aliniambia, "Mama alinisamehe."

Nikamuuliza, "Lini?"

Akasema, "Kila siku. Nilikuwa nikianza maelezo yangu kwa wageni, katikati ya kizungu naingiza kikwetu. Nasema, Mama nisamehe. Wao wanadhani namtambulisha. Na yeye ananijibu bila kuinua uso, Endelea mwanangu. Kila boti. Muulize mtu yeyote."

Niliendelea kumkausha. Nilimwamini, Mama. Nilikusikia kabisa ukisema hivyo, kwa ile sauti ambayo mimi hukuwahi kunipa. Nikasimama na lile taulo. Kisha nikamuuliza, "Na siku ile ya mwisho, ulimwomba?"

"Nilimwomba."

"Alikujibu?"

Akageukia ukutani. Nilitoka nikaenda kuanika taulo, na niliporudi nilimkuta bado anaelekea ukutani.

Nimekuandikia, kwa hiyo sasa unajua na ya kwangu. Watu wa kanisani wananisifu, wanasema Nyamisi ana moyo. Waache waseme. Sijamsamehe, na sikuahidi kwamba nitamsamehe, si leo, si akifumba macho. Wewe ulishamsamehe mara nyingi kiasi cha kutosha kwetu sote wawili.

Ahadi yangu ni hii. Atakula hapa mpaka atakaposhindwa kumeza, na uji nitampa kwa kijiko mimi mwenyewe. Hatafia barabarani, hatafia kwa watu. Akishakata roho sitakubali mtu yeyote amguse kabla sijamfumba macho, na nitamlaza siku hiyo hiyo. Nimeshaongea na wa kanisani ng'ambo, pana nafasi upande wako wa kulia, na nimewaambia waiweke. Najua ndicho unachokitaka, hata kama hujanituma. Mimi na mume wangu tumeshakubaliana, nitazikwa huku huku Manyamanyama, karibu na barabara.

Tulia, Mama. Siku si nyingi nakuletea mwanao.

Nyamisi